Pazia la Fundi Twalibu

Fundi Twalibu Kigoda alipanga foleni nyuma ya mama mjamzito na mbele ya mzee wa sukari, na hakuna aliyegeuka kumtazama. Ndivyo ilivyotakiwa. Kituo cha afya cha Chumvini kilikuwa na dirisha moja tu, na dirisha hilo lilipokea mimba, presha, vidonda, na watu waliokuwa wakijinasua kwenye unga. Enzi za babu zetu waraibu walikuwa na jengo lao pembeni, lenye geti lake na mlinzi wake, na mtu akionekana anaingia pale, jina lake limekwisha. Chumvini walikataa mambo hayo. Msikiti, kanisa, chama cha akina mama wa mashamba ya chumvi na wauguzi walikaa kikao juu ya kikao wakakubaliana kuwa mgonjwa ni mgonjwa na foleni ni moja. Jambo jema, nani abishe? Ila mtaa ukishajua kulea, unataka kujua kila kitu.

"Fundi, jino lilipona?" aliuliza Mwajabu Semboja, muuguzi wa dirishani, akitabasamu.

Twalibu hakucheka. "Jino ndilo lililonileta, sista. Naomba tuzungumze ndani."

Mwajabu alimwachia mwenzake dirisha, akamwingiza chumba cha nyuma na kufunga mlango. Alijua habari ya jino, kama mtaa mzima ulivyoijua. Daktari wa meno alikuwa amemchoma fundi sindano kali ya maumivu, na punje iliyofichwa chini ya ngozi ya mkono wake, ndogo kama ya mchele, ikaonja dawa ile ndani ya damu ikadhani amerudia unga. Punje haina mdomo. Ikamwita mbia wake, yaani jirani aliyekubali kumchunga, mzee Hatibu wa ukuta kwa ukuta, kwa kikuku alichovaa mkononi. Kikuku kikalia kama mbuzi anayechinjwa. Mzee wa watu alikuwa anaoga. Alitoka mbio na taulo, povu masikioni, mkononi chupa ya dawa ya puani ya kumzindua aliyezidiwa na unga, watoto wa mtaa wote nyuma yake, akamkuta fundi na shavu lililovimba anakunywa uji. Watu walicheka wiki nzima.

"Mwanangu Raya anaolewa," alisema Twalibu. "Juma lijalo anaingia ndani, mwali. Wakwe wanatoka Muheza na wenyewe ni watu wa heshima zao. Sasa kile kidude kikilia tena, mbele yao, nitaweka wapi uso wangu?"

"Kitalia kwa lipi, fundi? Wewe umekwisha kuwa mzima."

"Na siku ya jino nilikuwa mgonjwa?"

Mwajabu aliutazama mkono wa fundi, pale punje ilipolala.

"Nishushie pazia," alisema Twalibu. "Mpaka harusi ipite. Baada ya hapo mtalipandisha wenyewe, sitabisha."

Pazia lilikuwepo kwenye mtambo wa kituo, ule ulioziongoza punje na vikuku, na halikuwa dhambi. Kwa kawaida kikuku kilikuwa na lugha mbili. Kiu ya unga ikimpanda mgonjwa, kikuku cha mbia hupata joto, na mbia huenda kupiga soga tu, kumpunguzia mwenzake upweke. Unga ukionjwa ndani ya damu, au pumzi ikianza kukatika, kikuku hulia, na hapo mtu hutupa alichoshika akakimbia. Pazia likishushwa, kikuku hakilii tena. Hupata joto tu, iwe ni kiu, iwe ni mauti. Ndiyo maana sharti lilikuwa moja: mbia lazima aambiwe, ili ajue kuwa joto la siku zile si la kupuuzwa.

"Itabidi nimwite mzee Hatibu," alisema Mwajabu.

"Usimwite." Twalibu alivuta kiti karibu. Alikuwa fundi wa betri za chumvi, mikono yake imebabuka kwa kazi, akaiweka yote miwili juu ya meza. "Mzee Hatibu ni muungwana, sina neno naye. Lakini ukimwambia pazia atauliza kwa nini, na akiuliza, mkewe, Bi Mgeni, atasikia. Na Bi Mgeni huyo ni mtoto wa mama mkubwa wa mama mkwe wa Raya. La jino alilichukulia mzaha hakulipeleka mbali, lakini la pazia litafika Muheza kabla sijafika nyumbani. Wanajua niliwahi kuumwa. Hawajui kama bado nina kitu mkononi. Sista, nimeomba nini? Nimeomba sitara ya siku chache, ya mtoto wangu, si yangu."

Mwajabu Semboja alikuwa mtoto wa Chumvini. Alilelewa akijua kuwa mtu waweza kumnyima chakula akakusamehe, lakini ukimvua nguo mbele ya wakwe, hata kaburini hamtazungumza. Tena alimpenda Twalibu, na kumpenda huku hakukuwa na ubaya wowote. Alikuwa mgonjwa wake wa kwanza kupona, ndiye Mwajabu aliyekuwa akimtaja kwenye kila kikao wakati watu wa mjini walipokuja kuuliza kama mpango wa majirani unafanya kazi. Alimwonea huruma, na akajionea fahari kidogo kwamba mtu mzima kama yule amemwamini hivyo. Basi akaufungua mtambo.

Mtambo ukauliza kwa sauti yake ya upole: "Mbia ameelezwa na ameridhia?"

"Ameridhia," alisema Mwajabu.

Neno moja tu, wala halikumtetemesha. Twalibu alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwombea dua ndefu, akatoka kupitia mlango wa mbele kama mgonjwa yeyote wa presha.

*

Watu wa mbali huuliza kwa nini punje haikupiga simu kituoni moja kwa moja. Wenyeji hawaulizi. Chumvini walikuwa wamekataa kitu chochote kinachosema na serikali kikiwa ndani ya ngozi ya mtu. Walikubali kitu kinachosema na jirani. Kwa hiyo punje ilitengenezwa na sauti fupi, inayovuka ukuta mmoja au kuta mbili na kuishia kwenye kikuku cha mbia, na kituo kilipata habari pale tu mbia alipopiga simu. Na kweli jirani hufika kwanza. Gari la wagonjwa, lile lisilo na dereva, lilikuwa likisimama barabara kuu na kugoma, kwa sababu ramani yake haikujua vichochoro. Majirani walikuwa wamekwisha kuokoa watu wengi kwa njia ile. Tusije tukausahau wema wake kwa sababu ya yaliyotokea.

Juma la harusi likaingia, na jua likaingia nalo. Miaka ile jua la adhuhuri lilikuwa si la mchezo. King'ora cha joto kilipolia, mtaa mzima ulijifungia ndani, mbwa hata mmoja humwoni njiani, mpaka jua lipinde alasiri. Siku ile kililia mapema. Mke wa Twalibu, Bi Mwanamvua, alikuwa mtaa wa pili anaalika nyumba kwa nyumba, joto likamkamata huko huko. Somo wa bi harusi, kungwi wake, alikuwa amekwenda kwake kuchukua udi, naye akakwama. Nyumbani wakabaki wawili: Raya chumba cha ndani, amepakwa liwa ya manukato mwili mzima, na baba yake kwenye banda lake la kazi uani.

Mwajabu alikuwa akiwachanja watoto jua lilipopinda na simu ya Bi Mwanamvua ikaingia. Hakusikia maneno. Alisikia kilio tu, akainyakua chupa ya dawa kabatini akakimbia.

Alimkuta Twalibu kwenye banda, amekaa sakafuni ameegemea mfuko wa chumvi, kidevu kifuani. Mtu angesema amesinzia. Mwajabu alimlaza, akampulizia dawa puani, pua moja, na ya pili, akamkandamiza kifua mpaka mikono yake mwenyewe ikafa ganzi. Ngozi ya fundi ilikuwa imekwisha kubadilika. Pembeni, chini ya benchi, aliona karatasi ya kete ya unga na kipande cha bomba. Bi Mwanamvua alikuwa amefunika uso kwa kanga, hakuona. Mwajabu akaviokota akavitia mfukoni mwa gauni la kazi, mbio mbio, kabla majirani hawajajaa uani. Nani alimletea, kutoka wapi, kwa jina la urafiki gani wa zamani, hakujua na hakuna aliyepata kujua.

"Moyo," alisema mtu nyuma yake. "Maskini, moyo umemsimama. Shughuli za harusi hizi."

Mwajabu hakukanusha. Neno "moyo" likatoka uani, likafika barazani, likafika msikitini, na jua halijazama mtaa mzima ulikuwa umekwisha kulipokea.

Alipogeuka kuondoka alimwona Raya. Mwali alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha ndani, ameshika ukingo wa mlango, liwa imemkaukia usoni ikapasuka, anatazama watu wakimbeba baba yake.

"Nilisikia hodi," alisema. Hakuwa akimwambia mtu maalumu. "Mzee Hatibu alipiga hodi. Akapiga tena, na tena. Mwali haitikii hodi ya mwanamume. Nikadhani baba ataitikia."

*

Mzee Hatibu alikuja kituoni siku chache baada ya maziko. Hakupanga foleni. Alisimama kwenye mlango wa chumba cha nyuma amevaa kanzu aliyovaa msibani, na Mwajabu akainuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea kitu chenu." Alivua kikuku, akakiweka mezani polepole. Mahali kilipokuwa pamebaki mstari mweupe mkononi mwake.

"Kaa kwanza, mzee."

"Nikae nini." Lakini akakaa. "Kilipata joto. King'ora cha jua kilikuwa kimelia, mke wangu akaniambia utakufa njiani, nikamwambia ukuta kwa ukuta kuna safari gani. Nikaenda. Nikapiga hodi mara tatu. Unajua sisi tumefundishwa nini: ukipiga tatu usipoitikiwa, rudi, mwenye nyumba ana udhuru wake. Tena nyumba yenyewe ina mwali ndani. Niingie vipi? Mwanamume mzima niingie nyumba yenye mwali bila kukaribishwa?"

"Hakuna aliyekulaumu, mzee."

"Nikasema moyoni, angekuwa na shida kingelia. Siku ya jino kililia kwa shavu tu, seuze kwa roho. Nikarudi. Nikakaa na joto lake mkononi. Alasiri kikapoa, nikasema alhamdulillahi, fundi ametulia." Aliufuta uso kwa kofia yake. "Kilipoa, mwanangu, nami nikashukuru."

Mwajabu alitazama kikuku. Kilikuwa kizima. Hakuna kikuku kizima zaidi ya kile katika Chumvini yote.

"Niambie jambo moja," alisema mzee. "Kilikuwa kibovu?"

Ndilo hilo sasa. Angesema ndiyo, mzee angelala usiku ule. Kosa lingekuwa la chuma, na chuma hakina ndoto. Sitara ya marehemu ingebaki, sitara ya Raya ingebaki, na uongo wake wa mwanzo ungefunikwa na wa pili, kama shuka juu ya shuka. Angesema hapana, angelazimika kueleza pazia, na akieleza pazia ataulizwa joto lile lilikuwa la nini, na akijibu hilo, moyo hautakuwa moyo tena, utakuwa unga, na habari itapanda basi la Muheza jioni hiyo hiyo. Twalibu alikuwa ameomba kitu kimoja tu duniani. Kimekwisha kumuua. Je, anyang'anywe na hicho, naye hawezi kujitetea?

"Tutakipima, mzee," alisema.

Mzee Hatibu alimtazama usoni. Alikuwa mtu wa makamo ya mwisho, amezika wengi, anazijua sauti za watu.

"Basi si kibovu," alisema. "Ni mimi."

"Sikusema hivyo."

"Hukusema lolote, ndiyo maana." Aliinuka kwa kujikaza. "Na yule mtoto, Raya, hali chakula. Mama yake yuko edani, anamlisha kwa mkono kama kichanga, hapokei. Anasema alinisikia akanyamaza. Mimi na yeye tumegawana maiti moja, sista, kila mmoja anavutia kwake."

Alipoondoka, Mwajabu alikaa na kikuku kile. Katika juma lile wabia wengine wawili walileta vyao. Hawakuwa na maneno mengi. Walisema ikiwa mzee Hatibu, mtu wa dini na akili zake, amekosea, wao nani? Waliwaacha wagonjwa wawili bila jirani, na Mwajabu akawatafutia wengine kwa kubembeleza. Chumvini wana msemo kila mtoto anaujua, mficha maradhi kifo humuumbua, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuufuata. Yeye muuguzi alikuwa ameuandika kwa rangi kwenye ukuta wa kituo, tena kwa mkono wake.

Kilichomtafuna zaidi alikuwa nacho peke yake. Punje hutolewa kabla ya maiti kuoshwa, na punje ina kumbukumbu. Aliisoma. Alijua pumzi ya Twalibu ilipoanza kulegea, alijua ilivyokuwa mzee Hatibu alipokuwa akipiga hodi, na alijua ilipokoma. Mara kwa mara alijiambia kwamba hayo ni mambo ya kitaalamu na hayamsaidii mtu. Kisha akawa anaamka na kujiambia tena.

*

Mwajabu alikwenda nyumbani kwa marehemu asubuhi, kabla ya joto. Bi Mwanamvua alikuwa chumba cha ndani, amevaa nyeupe, mlango umeegeshwa, sauti yake ikisikika kwa mbali ikisoma. Raya alikuwa amekaa ukumbini juu ya mkeka. Liwa ilikuwa imeoshwa lakini rangi yake bado ilikuwa kwenye kucha. Harusi haikuvunjwa, ilisogezwa tu, na wakwe walikuwa wamekuja msibani wakalia kama ndugu. Yeye mwenyewe ndiye hakutaka kuisikia.

"Karibu, dada Mwajabu," alisema bila kuinua macho.

Mwajabu alikaa mkekani. Alikuwa amepanga maneno njiani, yote yakapotea.

"Raya, si wewe. Wala si mzee Hatibu. Ni mimi."

Akamwambia. Alimwambia habari ya pazia na sharti lake, na alivyoliruka sharti hilo kwa neno moja. Alimwambia kwamba mzee Hatibu hakujua, kwamba angejua angevunja mlango, mwali au si mwali. Alimwambia habari ya kete, na karatasi aliyoiokota chini ya benchi.

"Baba alirudia?" aliuliza Raya.

"Mara ile moja. Mtu akikaa miaka bila unga, mwili wake husahau. Kile alichokuwa akikizoea zamani kinakuwa sumu. Hakukusudia kufa, mdogo wangu. Alidhani bado yuko kama zamani."

Raya alichokoa rangi iliyobaki kwenye ukucha. Kutoka chumba cha ndani kisomo kiliendelea. Mwajabu aliona mabega yake mwenyewe yameshuka, amepata kupumua, na akaona aibu kwa kupumua kule.

"Kwa hiyo kingelia," alisema Raya.

"Kingelia."

"Mtaa mzima ungesikia, kama siku ya jino."

"Ungesikia."

"Unajua nani alimtuma kwako?" Sasa alimtazama. Macho yake yalikuwa makavu, mekundu. "Siku ya jino marafiki zangu walikuwa hapa. Walicheka mpaka wakaanguka. Mimi pia nilicheka. Usiku nikamwambia, baba, kile kidude kisije kikanililia siku yangu, nitakufa kwa aibu. Hivyo hivyo nilisema. Nikamwambia nenda kwa dada Mwajabu, atakusikiliza, ana huruma. Baba hakutaka. Alisema mzee Hatibu aendelee kukimbia na taulo, yeye haoni tabu. Nikamnunia. Sikumwandalia hata chai. Ndipo akaja."

Mwajabu alikuja kuutua mzigo, na tazama alipoutua.

"Wewe ulikuwa mtoto unataka harusi yako," alisema mwishowe. "Mimi ndiye nilikuwa na kazi ya kukataa."

"Unataka nikusamehe?"

"Sikujia hilo."

"Umelijia," alisema Raya, bila ukali. "Ningekuwa wewe na mimi ningelijia. Sikatai. Lakini kwanza unijibu kitu, kwa sababu huyu ni baba yangu na nyinyi nyote mnajua mambo yake kunishinda." Alisogea kwenye mkeka mpaka magoti yao yakakaribiana. "Mzee Hatibu alipokuwa pale mlangoni. Nami nikiwa hapa, namsikia. Baba alikuwa hai?"

Swali lile Mwajabu alikuwa ameliogopa kuliko swali la mzee. Alimtazama binti yule, mashavu yamebonyea, mikono imebaki mifupa, akaona hana nguvu za kubeba tena. Alikuwa amekwisha kusema kweli nyingi asubuhi ile. Hii moja ya nini? Huruma ikampanda, ile ile, kwa upole ule ule.

"Hapana," alisema. "Alikuwa amekwisha kwenda. Hata ungeitikia, hata mzee angeingia, yasingebadilika."

Raya alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayehesabu jambo akaliona halilingani.

"Bi Mgeni alikuja juzi kutupa pole. Alisema mumewe alikaa na joto mkononi mpaka alasiri, ndipo kikapoa. Kikuku kinapoa lini, dada? Baba aliniambia. Kinapoa kiu ikiisha, au pumzi ikiisha."

Mwajabu aliinamisha kichwa.

"Hata leo," alisema Raya. "Umekuja mpaka hapa, umekaa mkekani kwetu, unajuta kwa sababu ya pazia, na hata leo umenishushia lingine."

Hakukuwa na pa kukimbilia. Mwajabu alijiona jinsi alivyo, na hakujipenda. Haikuwa huruma tu, na wala haikuwahi kuwa huruma tu. Ilikuwa woga wa kuona mtu akiumia mbele yake.

"Alikuwa hai," alisema. "Pumzi yake ilikuwa dhaifu, lakini alikuwa hai. Alikuwa hai mzee alipopiga hodi, na alikuwa hai mzee aliporudi kwake. Dawa moja ya puani ingemwamsha. Aliondoka alasiri."

Raya alilia. Tangu siku ile alikuwa hajalia, wanawake wa mtaa walikuwa wakinong'onezana kwamba mtoto huyu ataharibikiwa na akili. Alilia kwa sauti, amejishika tumbo, na Mwajabu aliponyoosha mkono kumgusa, Raya akausogeza pembeni, si kwa hasira, akautua juu ya mkeka kama kitu cha mtu mwingine.

Kisomo chumba cha ndani kilikatika. "Raya," iliita sauti ya Bi Mwanamvua. "Mwanangu, kuna nini huko?"

Raya alijifuta uso kwa ncha ya kanga. Alimtazama Mwajabu, na Mwajabu akaelewa kwamba hataombewa udhuru wala hatafichwa.

"Njoo, mama," alisema Raya. "Dada Mwajabu ana neno lako. Njoo ulisikie lote, na akimaliza tutamwita mzee Hatibu."

Mlango ulioegeshwa ukafunguka. Mwajabu akasikia miguu ya mjane ikija polepole, akajiweka sawa mkekani, akaanza kutafuta sentensi ya kwanza.